Mwanamke Aliyeiba Taa

Juzi nilimkuta binti yangu Mwende akibishana kwa ujumbe kwenye simu na watu asiowajua, kisa ni mchawi wa hadithi anayoisoma. Kila mmoja alikuwa na maelezo yake kuhusu nia ya huyo mchawi. Nikawa kama ninanusa tena maganda mabichi ya mbaazi.

Alasiri moja ya utotoni tulikuwa uani kwetu, kijijini Tulia, mimi na kaka yangu Kioko, tukimsaidia mama kumenya mbaazi. Mbuzi walitafuna maganda polepole kando yetu. Tulikuwa tumesoma kitabu kilichokosa kurasa za mwisho, cha mwanamke aliyejifunika uso na kuiba taa za kijiji kizima.

"Anaenda kuziuza," Kioko alisema.

"Anaogopa giza," nikasema mimi.

Mama hakuinua macho. "Labda anataka watu watoke wamtafute."

Tulicheka sana. "Mama, wewe hata hujakisoma."

Akacheka pia, kidogo, kisha akaingia jikoni kupakua chakula. Kama kawaida alifunika sahani moja ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, akaiweka kando. Baba alikuwa na duka mjini Sultan Hamud, na wikendi zilikuwa zinapita bila yeye kuja. Asubuhi mimi na Kioko tuliigombania sahani hiyo. Wakati huo niliamini mama alituwekea sisi.

"Waandikie," nilimwambia Mwende, "labda anataka kutafutwa."

Akaandika, kisha akaniuliza nimeitoa wapi hiyo. Badala ya kumjibu, nikampigia mama simu.