Nilivyojenga barabara mara tatu kwenye meza ya treni ya kuchezea kwa sababu ya baba yangu

Wakuu, salamu zenu popote mlipo.

Mimi humu ni msomaji tu, napita kimya kimya. Leo nafungua uzi kwa sababu yamenifika hapa kooni. Yote nitakayosema yamenipata mimi mwenyewe, na mke wangu Kadzo amekaa hapa kando anachungulia simu. Nikiongeza chumvi ataniumbua hapa hapa.

Mimi ni fundi wa plasta, Malindi. Miaka ishirini napiga kuta, kuanzia huku mjini, Watamu, mpaka Kilifi.

Mwaka jana kuna Mtaliano wa Watamu niliyekuwa namkarabatia nyumba. Alikuwa anafungasha kurudi kwao moja kwa moja, akanipa sanduku. Ndani treni ndogo ya umeme. Injini, mabehewa sita, reli za vipande na transfoma. Behewa moja linaenea kiganjani, lakini hata vitasa vya milango vipo.

Akaniambia kwao wazee wazima na ndevu zao wanajenga meza nzima, milima, miti, barabara, halafu treni inapita katikati. Nikacheka sana siku hiyo.

Sasa niwaeleze kuhusu baba, maana bila yeye hakuna uzi.

Baba yangu alikuwa mlinda geti wa reli. Kule bara, stesheni ndogo ukishapita Voi, pale reli inapokata barabara kuu. Treni ikija anashusha geti, ikipita analiinua. Miaka ishirini na saba, kazi ni hiyo hiyo. Sisi tulikuwa kijijini Jilore na mama, tunalima mahindi na mihogo. Baba tulimwona Krismasi, na si kila Krismasi.

Mama alishatangulia. Baba miguu imemkataa, kwa hiyo nimemchukua nakaa naye hapa Malindi. Ni mtu wa maneno machache, na hayo machache mengi ni ya kukosoa. Chai ina majani mengi. Mlango unalia. Plasta ya ukumbini ina mawimbi. Plasta yangu mimi!

Nikajiambia, nikimjengea ile stesheni yake mezani, huenda tukapata la kuongea. Na nisiwafiche, nilitaka pia aniambie nimefanya vizuri. Mara moja tu. Nina miaka arobaini na tisa na sijawahi kulisikia neno hilo kinywani mwake.

Basi nikanunua plaiwudi, nikaunga meza kwenye chumba chake, nikaanza.

Barabara ya kwanza niliichora kwa rangi nyeusi ya mafuta. Nyeusi tii, inang'aa, na mstari mweupe katikati umenyooka. Nikajipongeza.

Baba akaja na mkongojo wake, akaitazama.

"Charo, hii ni barabara au kaniki?"

"Ni lami, baba."

"Lami gani nyeusi hivi? Hujawahi kutembea barabarani wewe?"

Nikatoka nje kwa hasira nikaangalia barabara ya lami pale mtaani. Wakuu, ni ya kijivu! Miaka yote naikanyaga, kichwani mwangu ni nyeusi. Jua limeipausha, katikati pana alama za mafuta, pembeni imemeguka. Nilichoka. Hakuna kitu kinachoudhi kama mtu anayekukosoa halafu akawa sawa.

Nikabandua.

Barabara ya pili niliitengeneza kwa msasa, ile karatasi ya kusugulia mbao, ya chembe ndogo. Nikaubandika, nikaupaka kijivu chepesi, nikamega kingo kwa kisu, nikanyunyiza vumbi la saruji na kulifuta kwa kitambaa. Nyasi kavu za bara nikazitoa kwenye nyuzi za katani, nazikata fupi fupi. Miti nikatumia dodoki lile la kuogea, unalichana, unalipaka kijani kilichopauka. Kadzo alitafuta dodoki lake siku tatu. (Anasema nne.)

Ilipendeza jamani. Majirani walikuja kuangalia.

Sasa hapa ndipo aibu yangu ilipo, msinicheke.

Huku pwani kila fundi anajua kwamba mchanga wa bahari haujengi. Una chumvi. Ukiupigia plasta, ukuta unatoka jasho, unavimba, rangi inabanduka, nondo zinaoza ndani. Mimi nimegombana na wateja kwa jambo hilo. Kuna mmoja nilimwachia kazi katikati kwa sababu alileta mchanga wa ufukweni kisirisiri.

Halafu mimi huyo huyo nikashuka ufukweni na ndoo, nikachota mchanga wa kumwaga kandokando ya barabara na katikati ya reli. Kwa nini? Kwa sababu ni mweupe, ni laini, uko karibu. Nikasema, aah, hii ni meza tu, si nyumba. Baba akauliza, "Mchanga huo umetoa wapi?" Nikamjibu, "Baba, niachie kazi yangu." Na kweli akaniachia.

Wiki tatu treni ilizunguka vizuri. Baba anakaa kitini anaitazama, haongei.

Kisha mwezi wa tano, kusi likaanza, mvua na unyevu, nguo hazikauki. Asubuhi moja naingia, meza imelowa kama imemwagiwa maji. Chumvi ilikuwa inavuta unyevu wote wa Malindi. Reli zimeota kutu, msasa umevimba umeinuka kama chapati, rangi inatoka kwa magamba. Nikawasha transfoma, treni ikajikongoja hatua moja ikafa.

Baba alikuwa ameshaamka.

"Fundi wa plasta," akasema. Basi.

Nilitamani kuitupa meza nzima barabarani. Wiki mbili nilikwangua mchanga kwa kisu na kusugua reli kwa siki kipande kimoja kimoja, huku nikijitukana.

Nikaenda Jilore shambani kwetu nikaleta udongo mwekundu, maana hata rangi nilikosea, kule bara udongo ni mwekundu kama wa kwetu, hakuna mchanga mweupe. Nikaukausha kwenye bati, nikauchekecha kwa chujio la chai. Kadzo alipoligundua, hiyo ni habari nyingine. Nikaupanga kwa brashi kavu kandokando ya barabara ya tatu, nayo ya msasa, halafu nikaunyunyizia gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kwa maji, na tone la sabuni ya vyombo ili ipenye. Ukikauka unashika kabisa, na bado unaonekana ni udongo. Hiyo chukueni bure.

Nikaweka geti. Nikaweka kibanda chake. Nikatafuta basi dogo la kuchezea la kipimo kile kile, nikalichubua rangi lizeeke, nikalisimamisha mbele ya geti, kama linangoja treni ipite.

Nikamwita. Nikapangusa mikono kwenye suruali, mtu mzima mimi.

Akainama. Akaangalia muda mrefu sana. Nikasubiri lile neno langu.

"Basi halisimami hapo."

"Nini?"

"Halisimami hapo. Linasimama nyuma kidogo, upande wa kibanda. Na hapo pembeni hapana nyasi. Wewe umeweka nyasi. Palikuwa peupe, udongo mtupu, mahali kama pa mtu kusimama. Bandua."

Wakuu, niliona giza. Miezi mitano! Dodoki, chujio, siki, kutu, na mzee anabishana na mimi kuhusu nyasi za upana wa kidole!

Nikapaza sauti. Sijawahi kumpazia baba sauti maishani, na sijivunii.

"Baba, wewe unajua kila jiwe la pale. Kila jiwe! Haya niambie, mimi niliacha shule darasa la ngapi?"

Akauegemea mkongojo wake, macho kwenye lile basi.

"Hujui. Hukuwepo."

Nikatoka. Sikula naye siku hiyo. Kadzo akanisema vibaya, akaniambia mzazi hasemeshwi hivyo hata akiwa na makosa. Nikamjibu yeye naye aniache.

Asubuhi nikampelekea chai, maana hasira haiondoi chai ya mzee.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Kaa."

Nikakaa.

"La sita," akasema. "Muhula wa pili. Mama yako aliugua, wewe ndiye mkubwa, ukakaa nyumbani kumlimia. Barua aliandika mwalimu wako. Alisema ulikuwa wa tatu darasani, akaniomba nije kabla hawajampa mwingine nafasi yako."

Sikujua kama mwalimu aliwahi kuandika barua.

"Ililetwa na basi kutoka Mombasa. Treni ya mizigo ilikuwa inakuja, nimeshusha geti, basi likasimama. Makanga akanipa barua dirishani. Hapo nilipokuonyesha. Nikasogea pembeni nikaisoma."

"Kwa nini hukuja?"

"Treni ilikuwa inakuja, Charo. Geti nalishika mimi."

"Na treni ilipopita?"

Akazungusha kikombe mkononi.

"Ilipopita nilisema nitapanda basi la jioni. Jioni nikasema kesho. Nikamwomba mkubwa wangu ruhusa, akanipa baada ya wiki mbili. Nikafikiri, sasa nikifika nitakwambia nini? Nafasi imeshakwenda. Nikaona haya. Basi kila likija gari la kurudi Mombasa nasimama pale pembeni nasema nitapanda hili. Likiondoka nasema nitapanda lile. Nyasi hazikuota tena mahali pale. Ni miguu yangu."

Halafu akasema, "Usiweke nyasi."

Sikujua nifanye nini na mikono yangu. Nilikuwa bado na hasira, tena hasira mpya, kwa sababu mtu alikuwa na ruhusa mfukoni na hakuja. Na wakati huo huo nilimhurumia. Vyote viwili kwa pamoja. Mwenye jina la hali hiyo anipe.

Nikachukua kisu, nikabandua. Mara ya tatu. Yeye ananielekeza kwa mkongojo, kushoto kidogo, kushoto, we Charo nimesema kushoto! Nikang'oa katani, nikalaza udongo mtupu, nikarudisha basi nyuma mpaka akasema simama.

Neno langu nimelipata? Hapana. Kadzo ni shahidi. Alichosema ni kwamba mlingoti wa geti umepinda.

Sasa mafunzo, kwa wanaotaka kujenga. Lami ni ya kijivu, tokeni nje mkaangalie. Msasa wa chembe ndogo haukosei. Mchanga wa bahari usiulete ndani hata kwa utani, na sheria unayowawekea wateja jiwekee na wewe. Na kama unamjengea mtu mahali pake, muulize kwanza alikuwa anasimama wapi. Mimi nilianza na treni kwa kuwa nilidhani ndiyo aliyokuwa akiitazama. Kuuliza kungeniokolea miezi mitano.

Nimekuja na swali pia. Kile kipande cha udongo mtupu hakikai. Gundi nimeweka mara mbili, lakini baba kila asubuhi kabla ya chai anakipapasa kwa kidole, na vumbi linatoka. Nikimwambia aache, anasema hajagusa, na kidole chekundu.

Mafundi wenzangu, nikipake nini kishike? Kadzo anasema nisipake kitu, niwe namwaga udongo mwingine tu. Udongo wa Jilore ninao gunia zima. Nyinyi mnaonaje?