Lengalenga Kwenye Udongo wa Ufini

Viviane alirudi Brussels kutoka Ufini akiwa amefura kwa hasira. Alikwenda kuchota udongo kwenye msitu wa misonobari ambao shoka halikuwahi kuugusa, akakuta visiki. Kampuni ilikuwa imefyeka kila mti na kumwaga majivu ya kiwandani juu ya ardhi tupu, kisha msimamizi akamwambia kwa tabasamu kwamba wanairutubisha.

Kurutubisha, eti. Udongo wa kule ni mchachu, na nyuzi za uyoga na vijiminyoo vyake vyeupe vimezoea uchachu huo na baridi hiyo. Ukiutia majivu, uchachu unapungua ghafla, bakteria wanaamka na kula akiba ya miaka mingi, na vile vilivyouzoea vinakufa. Viviane alikuwa akisomea shahada yake ya uzamivu juu ya jambo hilo hilo. Ili kulithibitisha, ilimbidi alinganishe udongo wa visiki na udongo wa msitu mzima, na wa msitu mzima ilibaki ndoo moja tu, aliyoichota katika safari ya kwanza. Chumba cha baridi cha maabara kilipojaa, vigogo wa chuo walimwambia aitoe. Akaiacha kwenye roshani ya nyumba yake, mtaani Woluwe, maana Oktoba ilikuwa na baridi ya kutosha.

Alipoingia nyumbani, roshani ilikuwa tupu. Ndoo aliikuta jikoni, kando ya radiata ya kupasha nyumba joto, imeota miche ya lengalenga, mchicha wa kwao.

"Maman, nani aligusa hii ndoo?"

Maman Rolande, mama yake mzazi, aliyekimbia vita kwao Walungu mwaka juzi akaja kuishi naye, alifuta mikono kwenye kitenge. "Ni mimi. Ile udongo ilikuwa inasikia baridi. Na iko inanuka siki, donc iko na njaa. Nikaitilia majivu kidogo, ya makala ya kuchomea mishikaki."

Maji yakimwagika hayazoleki. Na majivu ndivyo yalivyo. Heshima yote aliyolelewa nayo ilimtoka Viviane.

"Majivu. Hata wewe, Maman? Ile pori ya Ufini balishaikata yote. Hakuna ingine."

Akaikamata miche kwa kiganja kizima, akaing'oa, akaitupa sakafuni.

Maman Rolande aliinama, akaanza kuiokota mmoja mmoja na kuilaza kwenye sahani. Mbegu za lengalenga hizo alizifunga kwenye pindo la kitenge siku aliyokimbia, na tangu hapo hakupata pa kuzipanda.

"Basoda ba vita baliing'oa shamba yangu yote," alisema bila kuinua uso. "Nilibakia na hii mbegu tu. Hakuna ingine."

Viviane alisimama na udongo kuchani. Hasira haikuisha. Ila sasa hakujua aielekeze kwa nani. Mwishowe akachota maji kwenye kikombe cha kuisimamishia miche, akapiga magoti, akaanza kuitafuta ile iliyoangukia nyuma ya radiata.