Koti la Njano la Bwana Keyle

Sibyl Harrod alikuwa mshonaji wa jumba la michezo ya kuigiza huko Southwark, ng'ambo ya mto kutoka London, enzi za Mfalme James. Asubuhi alifua damu ya nguruwe kwenye mavazi ya waigizaji, alasiri wakaimwaga upya. Michezo ya kisasi ndiyo iliyojaza watu.

Kisasi cha Sibyl kilikuwa cha kweli. Mdogo wake Gilbert, mpiga makasia, alichomwa upanga na Bwana Ambrose Keyle akafa, kisa maji ya kasia yalirukia soksi za hariri za bwana huyo. Mahakama ilimtia Keyle hatiani, lakini mjomba wake alikuwa mtu wa ikulu. Wiki haikuisha, msamaha wa mfalme ukatoka. Keyle alipokutana na Sibyl njiani alimwambia, "Bado unalia, mama? Wapiga makasia wamejaa tele mtoni."

Miezi ikapita. Siku moja mtumishi wa Keyle akawauzia waigizaji koti kuukuu la bwana wake, la njano, kola ya zambarau. Mji mzima ulilijua. Sibyl akampelekea Humfrey Tolley, aliyeigiza mtawala muuaji.

"Vaa hili. Na mguu wa kushoto uuburute kama mwenyewe afanyavyo."

"Dada, hili ni la Keyle! Nikikatwa masikio je?"

"Nitakushonea mengine."

Humfrey akacheka, akavaa.

Alasiri hiyo Keyle mwenyewe alikuwepo, ameketi kando ya jukwaa kama waungwana wenzake. Chini walisimama wapiga makasia aliowaalika Sibyl. Koti lilipotokeza tu, wakalipuka: "Keyle! Muuaji! Chunga soksi zako, Keyle!" Maganda ya njugu na matufaha yakamnyeshea Keyle pale alipoketi. Akakimbilia mlango wa nyuma, akamkuta Sibyl kasimama na mkasi.

"Taja jina la uliyemuua."

Keyle akahema, akafikiri kweli. "Sijui," akasema. "Sikuwahi kuuliza."

Sibyl alimwacha apite. Aliniambia mimi, jirani yake, kwamba jibu hilo lilimchoma kuliko mazishi.

Jumba lilifungwa majuma matatu, naye akafukuzwa kazi. Lakini tangu siku hiyo hakuna mashua iliyokubali kumvusha Keyle. Mvua inyeshe, jua liwake, alizunguka kwa miguu hadi darajani, na Sibyl akahamishia kiti chake cha kushonea dirishani ili amwone akipita.

"Umetosheka sasa?" nikamuuliza.

"Bado," akasema. "Kila akipita, mkono wangu bado unautafuta ule mkasi."