Upande wa Pili wa Santuri ya Beno

Mimi Azzan ni muuza vitenge, Mwarabu wa Kariakoo, na kila Jumamosi baada ya Alasiri nakaa baa. Nakunywa tangawizi. Anayetaka kunisema na aniseme, wenzake wameshanisema miaka kumi na minane na bado nakaa. Nafuata muziki, na muziki uko kwa Selina.

Baa ya Selina ilikuwa fremu moja tu, chumba kimoja cha kupanga, nyuma ya maduka ya mapazia. Haikuwa na bango wala runinga. Ukiingia unakuta meza nne, friji linalonguruma, na juu ya kaunta mashine ya santuri ambayo haiguswi na mtu isipokuwa mwenyewe. Selina ana miaka sitini na mitatu, mfupi, na sauti yake inatosha kuamrisha wapagazi wa soko zima. Alianza kwa kuuza supu ya kongoro hapo hapo nje, santuri za mumewe akizihifadhi chini ya kitanda, mpaka siku alipopata leseni ndipo akazitoa. Mumewe, Beno, alikuwa mpiga gitaa katika bendi ndogo ya Ilala. Bendi ilirekodi santuri moja, ikavunjika. Beno naye alifariki, mwaka wa kumi na moja sasa.

Nyimbo za dansi za enzi zile zilikuwa ndefu, hazikuenea upande mmoja wa santuri. Kwa hiyo zilikatwa: upande wa kwanza waimbaji wanalalamikia wapenzi wao, upande wa pili magitaa yanashika usukani na watu wanainuka. Kwa Selina wimbo haukatishwi katikati. Santuri ikigeuzwa watu wananyamaza, bia haifunguliwi, hata anayetaka msalani anabana. Na katika santuri ya Beno, upande wa kwanza yeye hasikiki kabisa. Gitaa lake liko upande wa pili, dakika tatu na kidogo. Hiyo ndiyo sauti pekee aliyomwachia mkewe, maana hata kanda ya harusi hawakuwa nayo.

Mwaka jana, mwezi wa nane, akaja Alpesh na kijana wa kampuni moja ya bia. Alpesh ndiye mwenye jengo, karithi kwa baba yake, kazaliwa mtaa huu huu, na si mtu mbaya. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Mtu mbaya unamtukana, roho inatulia. Walikuja na mkataba: kampuni itapaka rangi, italeta viti vipya, runinga mbili za mpira na spika za kisasa, na mashine ya santuri itaondoka kaunta. Selina akikataa, fremu anapewa mtu mwingine mwisho wa mwezi.

"Shikamoo mama," kijana alisema.

"Marahaba. Kaa kwanza, wimbo unaendelea."

Ulikuwa wimbo wa Beno. Kijana hakukaa, akatandaza karatasi zake pembeni ya mashine. Selina akavaa miwani, akasoma. Niliogopa atasaini, kwa sababu nilimwona amechoka. Magoti yanamsumbua, wateja wamepungua, na ana wajukuu wawili anaowasomesha. Akachukua kalamu.

"Na muziki wangu?"

"Mama, nyimbo zako zote tutakuwekea kwenye simu, jioni jioni unapiga. Hakuna noma."

"Alpesh, wewe unasemaje?"

"Mi nasema saini, mama. Bongo imebadilika. Nakutakia mema, wallahi."

Mhindu akikuapia wallahi ujue kakulia Kariakoo, na nilijua anasema kweli. Selina akainamisha kalamu. Hapo hapo upande wa kwanza ukaisha, sindano ikaanza kukwaruza. Yule kijana, kwa adabu zake zote, akanyoosha mkono, akainua sindano, akazima mashine.

"Umeisha," akasema, kisha akawasha spika ndogo aliyokuja nayo ili tusikie mambo ya kisasa.

Jamani! Selina akaweka kalamu juu ya kaunta taratibu.

"Nani kakwambia umeisha?"

"Si umefika mwisho, mama?"

"Wameisha waimbaji. Mume wangu hajaanza."

Kijana akatazama mlango wa uani, masikini, akidhani mume yuko njiani. Selina akaizima ile spika kwa kidole kimoja, akageuza santuri. Beno akapiga dakika zake tatu na kidogo, na mimi nililia, sioni haya kusema. Alpesh alisimama kimya, mikono nyuma, maana desturi anaijua.

Gitaa liliponyamaza, Selina akafungua fundo la khanga, akatoa funguo na kuziweka mbele ya Alpesh.

"Mama, mbona una siku nyingi bado, mpaka mwisho wa mwezi..."

"Za nini? Chukua leo."

"Sasa utaenda wapi?"

"Magomeni, nyumbani kwangu. Uani kuna nafasi. Nitauza supu na soda mpaka nipate kibali kingine. Asiyetaka soda akae na kiu."

Tukaanza kubeba. Viti vilikuwa vyetu, kila mmoja alikuja na chake kutoka nyumbani, ndiyo maana hakuna viwili vilivyofanana. Mimi nilijitwika changu kichwani. Husna, fundi cherehani anayekaa karibu na mlango siku zote, alibeba boksi la santuri na hakukubali kusaidiwa. Selina alitangulia, mashine kaikumbatia, magoti yale yale mabovu yakikata mbuga. Tukaingia Mtaa wa Msimbazi kuelekea Jangwani, njia ya Magomeni, watu kumi na wanne na viti vyetu, bodaboda zikitupigia honi.

Msukuma mkokoteni mmoja akasimama kutupisha.

"Vipi mama, mmefukuzwa?"

Selina hakupunguza mwendo.

"Nani afukuzwe? Tumewaachia kuta."