Niliyoyasikia Kisian

Naikumbuka vizuri, mwanangu, siku niliyosimama Kondele, mjini Kisumu, na beseni langu la samaki, nikiwasikiliza watu wakibishana juu ya jambo nililolishuhudia mimi mwenyewe. Hawakunijua. Nilikuwa mwanamke kijana tu, mkaanga samaki kando ya barabara kule Kisian, nimekuja mjini kutafuta mafuta ya kupikia.

Kisa chenyewe kilikuwa hiki. Gari la mbunge wetu lilimgonga Ochieng', kijana aliyebeba abiria kwa baiskeli, likamvunja mguu. Dereva ndiye aliyekuwa akiliendesha. Mbunge mwenyewe hakuwamo. Askari walilivuta mpaka kituoni, ng'ambo tu ya jiko langu, limngoje mkaguzi wa magari. Kesho yake asubuhi mbunge akafika. Alisimama karibu nami, akamwambia mkubwa wa kituo, "Hili gari liondoke kabla mkaguzi hajafika. Ukikataa, utahamishwa mbali na watoto wako." Gari likaondoka. Liliporudi lilikuwa na breki mpya na rangi mpya, na mkaguzi hakuwa na la kukagua.

Mpelelezi aliponiuliza, nilimweleza niliyoyasikia, naye akayaandika. Mbunge akashtakiwa kwamba amezuia haki isitendeke. Hapo ndipo mji ulipogawanyika.

Basi siku ile Kondele kulikuwa na kundi la watu barazani kwa Mzee Juma, fundi cherehani. Mmoja akasema, "Gari ni lake. Mtu akichukua mali yake, hilo ni kosa gani?" Mwingine akauliza, "Na breki je? Kwa nini azibadilishe haraka hivyo?" Wakamrukia. Kisha kijana mmoja, sauti yake naisikia hata leo, akasema, "Huyo mama wa samaki amenunuliwa. Tukijua kwake, tutamtembelea." Watu wakacheka. Mimi nilihisi beseni limekuwa zito kichwani kama jiwe la kusagia.

Mzee Juma aliinua macho kutoka kwenye cherehani yake. "Asiyekuwapo na lake halipo," akasema. "Nyinyi nyote hamkuwa Kisian. Mwacheni aliyekuwapo aseme." Walimzomea, mzee wa watu, akarudi kwenye kushona kwake.

Sikununua mafuta. Nilirudi nyumbani, nikamfunga mtoto wangu mchanga mgongoni, nikapanda gari kwenda Asembo Bay kwa Dani, nyanya yangu aliyenilea. Nilikusudia kukaa huko mpaka kesi iishe. Nani angenilaumu? Woga si aibu, mwanangu. Hata paa mwenye mbio huanza kwa kushtuka.

Dani alinipokea vizuri, akanipa uji, akambeba mtoto. Nilipomwambia nimekuja kujificha kwa sababu ya kesi ya mbunge, alimrudisha mtoto mapajani mwangu.

"Yule mbunge ndiye aliyetuchimbia kisima," akasema. "Nampenda kama niliyemzaa. Sasa wewe unakimbia nini, na shahidi ni wewe?"

"Dani, watu wamesema watanitembelea."

"Nimesikia. Na Ochieng' kule hospitalini atatembelewa na nani?"

Dani hakuwa mtu wa kupaza sauti. Alikukemea kama anayekupoza uji. Akaendelea, "Kama hana kosa, maneno uliyosikia hayatamdhuru. Kama analo, nani atamwambia? Sisi tunaompigia makofi? Mficha maradhi, kifo humuumbua. Kuhukumu si kazi yako, nyathina, mtoto wangu. Hakimu yupo. Yako ni kusema ulichosikia, usiongeze chumvi, usipunguze."

Siku ya kesi ilipofika, alijifunga kitambaa chake cha kanisani, akaja nami Kisumu. Nje ya korti watu walikuwa wamejaa. Wengine waliimba jina la mbunge, wengine walimtukana. Jina langu lilipoitwa, minong'ono ikaanza, nikabaki nimesimama hatua chache kutoka mlangoni. Ndipo Mzee Juma akatoka kwenye umati na kofia yake nyeupe. Aliniangalia, akaangalia beseni nililozoea kwenda nalo kila mahali, akaelewa. "Kumbe ulikuwa pale barazani, mama," akasema polepole. "Pole sana." Akatangulia mbele yetu akiwaomba watu njia, nao wakampa.

Ndani, wakili wa mbunge alinigeuza huku na huku. Mwisho akauliza, "Kwenye uchaguzi ulimpigia nani kura?" Alijua, au alidhani anajua.

"Nilimpigia huyu," nikasema, nikamwonyesha mbunge kizimbani.

Mbunge akainamisha kichwa. Wakili akaketi, hakuuliza tena.

Hakimu alimpata na hatia ya kuliondoa gari na kumtisha askari. Dani alilia pale nje, machozi ya kweli, maana alimpenda. Kisha akajipangusa, akasema twende tukale. Wako waliosusia samaki wangu kwa muda. Wengine mpaka leo husema mbunge alionewa, na ni haki yao. Lakini hakuna jiwe lililorushwa siku ile, na Ochieng', alipoweza kutembea kwa fimbo, alifungua duka la baiskeli jirani na jiko langu. Yule kijana wa barazani? Alikuja kununua samaki wa mbuta, akala taratibu, akasema, "Mama, sikujua ni wewe." Nikamwongezea kipande.

Leo nawasikia mkibishana kwenye simu zenu juu ya kiongozi mwingine: alizuia haki, hakuzuia. Bishaneni. Nchi ambayo watu wake hawabishani imeshafungwa mdomo. Lakini kabla hujamwita mtu mwongo, jiulize: mimi nilikuwapo? Na ukiwa wewe ndiye uliyekuwapo, usikimbilie Asembo. Mpende kiongozi wako kiasi cha kutaka apimwe kwa haki, kwa mizani ileile ya mwendesha baiskeli. Na ukimwona shahidi anatetemeka mlangoni, mtangulie, umwombee njia. Nimeyaona hayo yakifanyika kwa watu wa kawaida, ndiyo maana sijakata tamaa nanyi.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akupe ulimi usionunulika, akupe na majirani wa kusimama nawe siku utakapowahitaji. Watoto wako wakue katika nchi ambayo mdogo husema na mkubwa akasikiliza.