Mama Alipojifungua Shambani

Tulihamia kijiji cha ujamaa upande wa Biharamulo tukitokea Ngara, tukapewa kiwanja kando ya Wasukuma waliokuja na ng'ombe wao kutoka Shinyanga. Mama alijua Kihangaza tu, jirani naye Kisukuma tu. Mwanzoni walisalimiana kwa kutabasamu, kisha wakaanza kuokoteza Kiswahili kwenye darasa la watu wazima. Mama aliita kalamu "karamu". Jirani aliita karanga "kalanga". Walichekana, wakaelewana.

Vita ilipoanza, baba aliondoka na mgambo, mama akiwa mjamzito. Uchungu ulimshika asubuhi moja tukipalilia mahindi ya kijiji. Zahanati ilikuwa mbali. Jirani alitandika kanga yake kwenye kivuli cha ghala, akamlaza. Mimi nilikuwa darasa la saba. Nilimshika mama mgongo. Mke wa mwenye duka, mzaliwa wa pwani, akaja mbio.

"Sukuma!" alimwambia mama. "Sukuma!"

Bibi yangu, ambaye Kiswahili kilikuwa bado hakijamwingia, alimshika jirani mkono. "Msukuma si huyu hapa? Unamwitia nini?" akamuuliza yule wa pwani kwa Kihangaza.

Mama aliangua kicheko katikati ya maumivu, na nilipowatafsiria wengine, sisi sote tukacheka. Jirani alimfuta jasho. "Komera, mayu, komera." Neno la kutia moyo alilichukua kwetu, la kumwita mama akalitoa kwao. Mtoto alizaliwa kabla jua halijawa kali, msichana mwenye sauti kubwa.

Baba alirudi salama, akamkuta mtoto anatambaa. Jioni ile alikaa akiwasikiliza mama na jirani wakipiga soga.

"Mnaongea lugha gani?"

"Kiswahili," mama akajibu.

"Cha wapi?"

"Cha hapa."

Baba alicheka, akasema hata kikosini kwao waliongea hivyo hivyo, kila mtu na maneno ya kwao, na hakuna amri iliyopotea njiani.

Baadaye sekondari walinisahihisha maneno mengi. Nilijifunza Kiswahili chao, na ndicho ninachoandikia. Cha kwetu sikukiacha, wala sijawahi kukionea haya.

Mdogo wangu alipopelekwa kuandikishwa shule, mwalimu alimuuliza kabila lake. Akataja jina la kijiji chetu, kwa sauti ile ile kubwa. Mama alikuwa amesimama pembeni, kichwa juu, na hakumsahihisha.