Deolinda Aliyenyimwa Jina la Sarmento

Watu wa kijiji chetu, Souto de Cima, watakuambia Deolinda alikuwa na roho mbaya. Waache waseme. Mimi nimeoka mikate nyumba ya tatu kutoka kwake kwa zaidi ya miaka arobaini, nimesoma naye darasa moja, na roho yake ilikuwa kama yako na yangu. Tofauti ni kwamba hakusahau kitu.

Mama yake, Generosa, alikuwa mfanyakazi wa ndani katika Nyumba Kuu, kwa akina Sarmento. Aliposhika mimba alifungashiwa virago kabla tumbo halijaonekana. Mtoto akazaliwa, na kwenye daftari la vizazi wakaandika: baba hajulikani. Hajulikani! Akina Sarmento wote sikio lao la kushoto limejikunja juu kama jani la kabichi, na Deolinda alitoka nalo tumboni. Lakini daktari Bernardino Sarmento ndiye aliyetutibu, na nusu ya mashamba yetu yalikuwa yake, kwa hiyo kijiji kizima kikapofuka.

Shuleni mwalimu alituita majina mawili mawili. Mimi Zeferino Pires. Akifika kwake alisema "Deolinda," ananyamaza kidogo, halafu "wa Generosa." Darasa linaangua kicheko. Na mimi nilicheka, sitajificha.

Aliomba jina mara moja tu. Alikuwa na miaka ishirini, fundi cherehani tayari, anaolewa na mwashi wa kijiji cha pili. Alikwenda Nyumba Kuu kuomba cheti chake cha ndoa kiwe na jina la baba. Daktari alimsikiliza pale pale kwenye ngazi, akaagiza apewe kuku wawili wa harusi, akafunga mlango. Deolinda aliwachinja wale kuku, akawapa mbwa.

Miaka ikapita. Mume akafa, wanawe wawili wakaenda Ufaransa kujenga majumba ya watu. Daktari naye mwanawe wa pekee, wa ndoa, alikuwa ameuawa vitani Guinea, na alipovuka themanini akaanza kuhesabu wafu wake. Mwaka wa elfu moja mia tisa themanini na tatu akachongesha bamba la jiwe la kubandikwa kwenye chemchemi ya uwanjani: SARMENTO, na chini yake watukufu wa ukoo. Askofu, jenerali, majaji wawili, na mshairi mmoja ambaye sijawahi kumwona mtu aliyesoma hata ubeti wake. Bamba lingefunuliwa Jumapili ya Pasaka, baada ya misa, saa ile ile tunayochoma sanamu ya Yuda.

Yuda wetu alishonwa na Deolinda kila mwaka. Majani makavu, fataki tumboni, na nguo kuukuu alizozikusanya nyumba kwa nyumba. Kabla ya kuchomwa husomwa wosia wake kwa mashairi: anamwachia huyu meno, yule suruali, na kila mtu anasikia aibu zake hadharani. Ukitajwa, unacheka. Unasimama hadi tumbo la Yuda lipasuke, kisha unammiminia msomaji mvinyo. Anayeondoka kabla ya mlipuko amekiri. Hiyo ndiyo kanuni, na mtoto wa miaka mitano anaijua. Msomaji nilikuwa mimi, uso umepakwa masizi. Na katika wosia wote niliowahi kuusoma, Sarmento hakutajwa hata mmoja. Hakuna sheria iliyotukataza, ulikuwa woga tu.

Alhamisi kabla ya Pasaka ile Deolinda aliingia kwangu unga ukiwa bado mikononi mwangu.

"Zeferino, chukua kalamu."

"Nani wa mwaka huu?"

"Andika kwanza, maswali baadaye."

Akanisomea beti nne fupi za watu wengine, nikacheka. Kwa ubeti wa tano kalamu ilisimama.

"Dada, unataka kuniua? Tanuri langu limekaa kwenye ardhi ya daktari."

"Basi baki na tanuri lako, nitasoma mwenyewe. Sauti ninayo. Aibu mlinimalizia zamani."

"Lakini ni mzee, Deolinda. Kesho keshokutwa anakufa."

"Ndiyo maana nina haraka. Nataka aniite mtoto wake mara moja tu, mbele za watu. Asiposema kwa mdomo, atasema kwa miguu."

Nikaandika. Nisingeandika ningekuwa mtu gani?

Jumapili daktari alifunua bamba, tukapiga makofi, akaketi kiti cha mbele na fimbo yake. Yuda alikuwa ananing'inia kwenye nguzo ya mti, na koti alilovaa lilikuwa la Nyumba Kuu. Wao wenyewe walilitoa, kama kila mwaka, bila kuuliza. Nikasoma. Kinyozi akapewa ndevu, akacheka. Mhazini wa kanisa akapewa mfuko uliotoboka, akacheka kwa shida. Kisha nikafika ubeti wa tano:

*Daktari nakwachia*
*binti ulomkimbia,*
*sikio kajirithia,*
*jina hujampatia.*

Hakuna aliyecheka. Watu walitazama sikio la mzee, wakatazama sikio la Deolinda, aliyekuwa amevua kitambaa kichwani makusudi. Angecheka tu yule mzee! Angecheka, angenimiminia mvinyo, na yangeishia kuwa utani wa Pasaka. Lakini alijiona mkubwa kuliko kanuni. Akainuka, akageuka, akapanda kilima kwa fimbo yake, tok, tok, na fataki zikalipuka mgongoni mwake.

"Amekiri!" akapiga kelele bibi mmoja, na uwanja mzima ukarudia.

Roho yangu ilisuuzika. Nasema wazi, ilisuuzika.

Siku ya tatu akaja Abílio, karani wa daktari, kofia mkononi.

"Mama Deolinda, mzee amekubali kukuandikisha. Wewe na wanao. Asingependa jina lipotee."

"Kwa hiyo sasa jina ndilo linalonihitaji."

"Si ndilo ulilolitaka siku zote?"

"Nililitaka. Mwambie aje mwenyewe. Hatua mia mbili, tena ni mteremko. Asimame hapa mlangoni aseme kwa sauti, Zeferino asikie akiwa kwake."

Hakuja. Majira yote ya joto nilimwona Deolinda akifagia kizingiti asubuhi, anatoa kiti nje, anashona akiwa ameelekea barabara. Ukimuuliza, alisema ndani kuna giza. Mwezi wa kumi mzee akafa.

Kwetu jeneza lina ufunguo. Likishafungwa, ufunguo hupewa damu ya karibu kuliko zote, na huyo ndiye anayetembea wa kwanza nyuma ya maiti. Kanisani walikuwepo wapwa wawili wa marehemu kutoka mji wa Porto, wamevaa suti, mmoja ameshanyoosha mkono. Hermínio, mwenye duka la majeneza, akawapita. Akateremka katikati ya kanisa hadi benchi la mwisho, alipoketi Deolinda.

"Mama, huu ni wako."

"Wangu kwa lipi?"

"Kwa damu. Sote tunajua."

Deolinda akasimama. Akatutazama mmoja mmoja, na alipofika kwangu nilitazama viatu vyangu.

"Mnajua," alisema. "Tangu lini?"

Padri akaanza kupekua kitabu chake.

"Miaka hamsini na minne mlikuwa hamjui. Basi msijue hadi mfe."

Akatoka. Hermínio alibaki na ufunguo kwenye kiganja kama mtu aliyerudishiwa zawadi, mpaka yule mpwa akaunyakua.

Nilimfuata nje. Alikuwa ameegemea ukuta wa kanisa.

"Nilitaka kuuchukua, Zeferino," alisema. "Mkono ulishaanza kunyanyuka."

"Bado hawajatoka. Rudi ndani, nitakupeleka mwenyewe."

"Nirudi nikamsindikize? Yeye alinisindikiza lini?"

Kengele zikaanza kugongwa, jeneza likatoka mlangoni na wale wageni nyuma yake. Deolinda aligeuza uso ukutani, akakaa hivyo hadi msafara wote ulipopita. Nilisimama naye. Hakuniambia niende, na hakunitazama.